Njia ya Waya: Umeme wa Paa la Gari katika Barabara za Ewuaso Kedong

Gari la kazi linalotumika Ewuaso Kedong, upande wa magharibi wa Kaunti ya Kajiado, aghalabu hubeba juu ya paa lake vifaa ambavyo kiwanda hakikuvipanga: taa za spoti zilizofungwa mbele ya keria, antena ya redio ya mawasiliano, taa ndogo ya nyuma ya kumulikia mizigo au mifugo na, siku hizi, paneli ya sola. Kila kimoja kati ya vifaa hivyo kinahitaji waya unaotoka kwenye betri chini ya boneti, ukapanda kando ya kioo cha mbele hadi juu, na safari hiyo fupi ya mita tano au sita ndiyo inayoamua kama gari litarudi nyumbani usiku likiwa na mwanga. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwandishi wake amejifunza kwa kuzifuatilia nyaya za namna hiyo, nyingi zikiwa zimefungwa katika gereji za mjini na kuharibikia bondeni, na yanatetea hoja moja ambayo mafundi wengi bado hawaikubali: kwamba njia ya waya ichaguliwe kwa kumfikiria kwanza mtu atakayeufungua baadaye, gizani na bila vifaa vya kutosha, na mtu anayelitazama gari likiwa limetoka kuoshwa afikiriwe baada yake.

Mazingira yenyewe yanastahili kuelezwa, kwa sababu waya unaodumu miaka kumi Kitengela huweza kufa ndani ya msimu mmoja bondeni. Gari linalotoka Kitengela hupita Isinya, likafuata barabara ya Kiserian, likafika Ngong na Kimuka, kisha likaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Ewuaso. Mbele yake unasimama mlima Suswa, volkano yenye kimo cha mita 2,356 iliyoporomoka katikati mara mbili na kuacha bonde ndani ya bonde, na majivu yake ya kale ndiyo yaliyolipa eneo zima udongo mwepesi ambao, ukishakanyagwa na magurudumu wakati wa kiangazi, hugeuka vumbi laini linalopenya kila mahali. Walimwengu wa mbio za magari walilifahamu vumbi hilo mwaka 2021, Mashindano ya Safari yaliporejea katika ubingwa wa dunia na madereva waliozoea changarawe za Ulaya wakajikuta wakizama katika sehemu ya Kedong, upande wa Naivasha wa bonde hilohilo. Ikija mvua ya masika, vumbi hilo huwa tope, korongo hufunguka mahali palipokuwa barabara, kama ilivyotokea karibu na Suswa mwezi Machi 2018, na dereva hulazimika kuiacha njia kuu na kujipenyeza katikati ya migunga yenye miiba.

Kwa hiyo waya wa paa hukabiliwa na mambo manne kwa pamoja, ambayo ni mtikisiko, vumbi, miiba na maji. Mtikisiko na vumbi vikishirikiana ndivyo vyenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa vumbi la Suswa likishaingia ndani ya paipu ya plastiki yenye mikunjo, ile ambayo mafundi huitumia kuufunika waya, na waya ukaendelea kutikisika ndani yake, vumbi hilo hufanya kazi ya msasa na kuula mpira wa waya taratibu bila mtu yeyote kuona. Paipu inayokusudiwa kuulinda waya ndiyo huja kuumaliza, na dawa yake ni kuufunga waya ndani ya paipu usiwe na nafasi ya kucheza, kisha kuziba ncha zote mbili za paipu kwa tepu ya kitambaa, na kuikaza paipu yenyewe kwenye bodi kila baada ya shibiri moja.

Kabla ya njia, hata hivyo, kuna unene. Ukinzani ni ile tabia ya waya ya kuuzuia mkondo wa umeme, na huongezeka kadiri waya unavyokuwa mrefu na kupungua kadiri unavyokuwa mnene. Taa mbili za halojeni za wati 100 kila moja, kwenye mfumo wa volti 12, huvuta karibu ampea 17. Ikiwa paa liko umbali wa mita 6 kwa kuufuata waya, umeme husafiri mita 12, kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wenye eneo la milimita mraba 1.5, ambao huuzwa kwa wingi kwa sababu ni rahisi, karibu volti 2.5 hupotea njiani na kugeuka joto. Kwa waya wa milimita mraba 2.5 hupotea kama volti 1.5; na kwa waya wa milimita mraba 6 hupotea kama volti 0.6 tu. Tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana, kwa kuwa taa ya halojeni ikikosa sehemu moja ya kumi ya volteji yake hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, na ikikosa sehemu moja ya tano hubaki na nusu ya mwanga wake au pungufu. Dereva aliyenunua taa za bei ghali na kuzifungia waya mwembamba amelipia mwanga ambao nusu yake unapasha moto mpira wa waya nyuma ya dashibodi.

Taa za LED zimepunguza tatizo hilo, kwa kuwa hutoa mwanga mwingi kwa ampea chache, lakini hazijaliondoa, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: nyingi kati ya taa hizo zina kifaa cha ndani cha kusawazisha umeme, nacho, volteji inapopungua, huvuta ampea zaidi ili kuudumisha mwanga uleule, hivyo waya mwembamba huzidi kupata moto huku taa ikionekana nzima. Magari ya volti 24, kama vile baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotumika Japani na Land Rover za kijeshi, huhitaji nusu ya ampea kwa kazi ileile na kwa sababu hiyo huvumilia waya mwembamba zaidi, ingawa vifaa vyake ni adimu madukani.

Fyuzi ni kipande chembamba cha madini kinachokusudiwa kuyeyuka mkondo unapozidi kiasi, na kuna imani iliyoenea kwamba kazi yake ni kuilinda taa. Fyuzi huulinda waya. Betri ya asidi ya gari la dizeli inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo waya wake chanya unapogusa bodi, hali ambayo mafundi huiita shoti, na waya wowote wa taa ukipitisha mkondo huo huwa mwekundu kabla dereva hajapata nafasi ya kusimama. Ndiyo maana fyuzi hukaa karibu na kichwa cha betri, isizidi umbali wa shibiri moja, kwa kuwa kila sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi wowote. Mwandishi ameona magari yenye fyuzi nzuri iliyofungwa chini ya dashibodi, baada ya waya kuvuka ukuta wa injini, yaani baada ya sehemu ya hatari kuliko zote, na wenye magari hayo walikuwa na hakika kwamba wamelindwa. Kwa mzigo wa ampea 17 na waya wa milimita mraba 6, fyuzi ya ampea 25 inatosha.

Pamoja na fyuzi huja rilei, swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili ifungue umeme mkubwa. Vichwa vyake vina namba zinazofanana karibu duniani kote: 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye taa, na 85 pamoja na 86 ni vya koili, yaani vya amri inayotoka kwenye swichi ya dereva. Faida yake ni kwamba ampea 17 hazipiti tena kwenye swichi ndogo ya dashibodi, na waya mnene unabaki chini ya boneti hadi unapoanza kupanda.

Njia ya kupanda ndiyo yenye mjadala. Katika gereji za mijini, Kitengela zikiwemo, kazi husifiwa kwa kuficha: waya huvuka ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva, hupita nyuma ya dashibodi, hupanda ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, hufuata kitambaa cha dari na kutokea kwenye tundu lililotobolewa kwa drili juu ya paa. Mteja halioni hata moja kati ya hayo, naye hulipa kwa furaha. Ubora wa njia hiyo ni wa kweli, kwa kuwa miiba haiufikii waya, jua halikaushi mpira wake, na mwizi hana cha kuvuta.

Gari moja la kikundi cha jamii, Land Cruiser ya injini ya lita 4.2 iliyokuwa ikiwapeleka wagonjwa usiku kutoka maboma ya chini ya Suswa hadi Ngong, lilimwonyesha mwandishi upande wa pili wa ubora huo. Taa za paa zilianza kukonyeza kwenye barabara ya mawimbi na kutulia kwenye lami, na dereva, mzee wa Kimaasai aliyelijua kila korongo, alibadilisha balbu, kisha swichi, kisha balbu tena, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu pekee alivyoweza kuvifikia kwa mkono. Usiku zilipozimika kabisa kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua ndani ya gari, na ikawa lazima kitambaa cha dari kichanwe kwa kisu kwa mwanga wa simu ili njia ya waya ijulikane. Nyuma ya nguzo ya kioo, mahali ambapo hakuna aliyetarajiwa kufika, waya mwekundu mnene ulikuwa umeunganishwa na waya mwembamba wa buluu kwa kusokotwa tu na kuzungushiwa tepu nyeusi; gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka na kuhama, nyuzi za shaba zilikuwa zimevaa ungaunga wa kijani, na upande mmoja wa mpira ulikuwa umekuwa mkaa. Chini zaidi, kwenye ukuta wa injini, waya ulipita katika tundu lisilo na raba, na ukingo wa chuma ulikuwa umeshaukata mpira hadi nyuzi tatu au nne za shaba zikaonekana. Mgonjwa aliyekuwa nyuma alifika salama kwa taa za kawaida za gari, polepole, lakini dari ya gari lile haikurudi kuwa nzima tena.

Kutokana na matukio ya namna hiyo, mwandishi anashikilia kwamba kuficha waya na kuulinda waya ni kazi mbili tofauti, na kwamba fundi akizichanganya huishia kuyaficha makosa yake pamoja na waya. Waya ukipita ndani, uwe mmoja usiokatwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na viungo vyake vikae kwenye ncha mbili tu, chini ya boneti na juu ya paa, ambako mkono unafika bila kuvunja kitu. Kila tundu la chuma livalishwe raba, hata likiwa dogo, na chuma kilichotobolewa kipakwe rangi kwanza, la sivyo kutu itaanza chini ya raba hiyohiyo. Viungo vibanwe kwa koleo lake maalumu na kufunikwa mpira unaosinyaa kwa moto. Lehemu ya risasi hufaa kwenye redio ya mezani, ila kwenye gari linalotikisika hufanya waya kuwa mgumu mahali pamoja, na waya huja kukatika pale ugumu unapoishia.

Magari mapya yana sababu nyingine ya kuogopa njia ya ndani. Mengi yana mifuko ya hewa ya pazia, yaani mifuko iliyokunjwa kando ya dari na ndani ya nguzo, ambayo hufumka wakati wa ajali ili kukinga vichwa vya abiria, na waya uliopitishwa juu yake au kufungwa pamoja nayo unaweza kuizuia isifumke inavyopaswa. Kwenye magari hayo hakuna mjadala wa ladha: nguzo ziachwe kama zilivyotoka kiwandani.

Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo zimetengenezwa tangu mwaka 1984 na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi za bondeni, mwandishi anaipendelea njia ya nje. Gari hilo likiwa na lile bomba linalopandisha uvutaji wa hewa ya injini hadi usawa wa paa, bomba hilo hukaa upande wa kulia na kuacha upenyo mdogo kati yake na nguzo ya kioo. Waya ukipandishwa katika upenyo huo, ndani ya paipu nene iliyokazwa kwa klempu za chuma zenye mpira, matawi ya migunga huteleza juu ya bomba na kuuacha waya salama. Paa la gari hilo lina pia mfereji wa mvua pembeni, ambao huupokea waya na kuupeleka nyuma hadi mahali keria inapohitaji, bila tundu lolote kutobolewa. Kiungo kimoja tu, plagi isiyopenya maji, huwekwa juu ya kioo ili keria iweze kutolewa bila kukata kitu. Wanaopinga husema kwamba njia hiyo haipendezi machoni. Ni kweli haipendezi sana, na bado dereva aliyesimama kando ya barabara saa nane za usiku anaweza kuifuata yote kwa kidole, kutoka betri hadi taa, akaona ilipokatika.

Maji huhitaji uangalifu mdogo lakini wa lazima. Maji hufuata waya, na waya unaoshuka moja kwa moja kutoka paani na kuingia ndani ya gari huyaongoza hadi kwenye sanduku la fyuzi. Waya uachiwe tumbo, yaani ushuke chini ya tundu kisha upande tena kabla ya kuingia, ili matone yaanguke kwenye sehemu ya chini kabisa, na plagi zielekezwe chini au pembeni, kamwe zisielekezwe juu. Silikoni pekee haitoshi, kwa kuwa hubanduka bodi inapotikisika.

Waya hasi nao hupuuzwa mno. Kwa desturi umeme wa gari hurudi kwenye betri kupitia bodi ya chuma, na fundi huona hakuna haja ya kupandisha waya wa pili hadi juu. Keria, hata hivyo, hufungwa kwa boliti zenye raba chini yake juu ya paa lenye rangi, kwa hiyo umeme hulazimika kutafuta njia kupitia mkwaruzo mmoja wa boliti, ambao vumbi na kutu huuziba ndani ya muda mfupi. Kwenye Land Rover Defender za zamani, ambazo ngozi ya bodi ni ya alumini na fremu ni ya chuma, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu madini hayo mawili yakigusana penye unyevu alumini huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Sehemu kubwa ya taa za paa zinazosemekana kufa huwa ni nzima, zikiwa zimekosa tu njia ya kurudishia umeme. Waya hasi wenye unene sawa na ule chanya, uliofika hadi kwenye betri, huliondoa tatizo hilo moja kwa moja.

Paneli ya sola imeleta hali mpya bondeni, hasa kwa magari ya huduma za mifugo. Chanjo za ng'ombe na mbuzi kwa kawaida huhitaji kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na friji ndogo ya gari hufa pamoja na betri gari likisimama bomani kutwa nzima likisubiri makundi yarudi kutoka malishoni; paneli ya wati 100, yenye volti kama 18 na ampea zipatazo 5 na nusu jua linapowaka vizuri, hurefusha maisha ya friji hiyo kwa kiasi kinachotosha kuokoa dawa. Waya wake unatofautiana na ule wa taa katika jambo moja muhimu, kwamba una umeme kwenye ncha zote mbili, wa paneli upande mmoja na wa betri upande mwingine, kwa hiyo kung'oa fyuzi ya betri hakuufanyi kuwa salama mchana, na fundi hana budi kuifunika paneli kwa turubai kabla ya kuugusa. Kidhibiti cha chaji kikae karibu na betri, mbali na joto la injini.

Waya wa antena usisafiri pamoja na nyaya za taa. Taa nyingi za LED za bei nafuu hutoa kelele za umeme ambazo redio huzipokea kama mkoromo, na katika makorongo ya Suswa, ambako simu hukosa mtandao ukishaingia nyuma ya ukuta wa mlima, redio inayokoroma haina tofauti na redio iliyokufa. Umbali wa shibiri moja kati ya nyaya hizo husaidia, na mahali ambapo lazima zikutane, zipishane kwa pembe mraba. Waya wa antena pia haukunjwi kwa ukali, kwa kuwa kiini chake huhama kutoka katikati na mawasiliano hudhoofika. Kwa magari ya watalii yenye paa la kuinuka inatosha kusema kwamba waya wake upite upande wa bawaba, ambako mwendo ni mdogo kabisa, na uachiwe ulegevu wa kutosha paa likiwa limeinuliwa kikamilifu.

Mwenye gari anayekwenda kufungiwa vifaa vya paa, iwe Kitengela, Ngong au kwingineko, anaombwa asilipe kabla fundi hajafanya mambo matatu mbele ya macho yake: kuonyesha fyuzi ilipo, kupima volti kwenye taa zikiwa zimewashwa na kuzilinganisha na zile za betri, na kuchora kwa kalamu njia nzima ya waya, pamoja na rangi zake na kila kiungo, katika karatasi itakayofungwa kwenye nailoni na kubandikwa chini ya boneti. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na dereva wa bondeni aliye nayo hana haja ya kuchana dari ya gari lake.